Mgeni kutoka Dar alivyotusalimia "Kamwene" pale Uyole

#1 Fundi wa Uyole

Wakuu, habari za jioni.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, ila hili la Jumamosi limenishinda kukaa nalo. Nilifunga kibanda saa saba mchana (natengeneza simu, kibanda kiko pembeni ya soko la viazi Uyole, hapa Mbeya) nikaenda mkutano wa hadhara. Chama sikitaji. Nikitaja tu, uzi utageuka kuwa wa rangi za fulana, na kilichonileta hapa kitapotea. Mjue tu kwamba ni mara yangu ya kwanza kusimama mbele ya jukwaa tangu Rais Samia aondoe katazo la mikutano Januari 2023. Kabla ya hapo mara ya mwisho ilikuwa kampeni za 2015, uwanja wa Ruanda Nzovwe, nikarudi nyumbani na kiatu kimoja.

Gari la matangazo lilizunguka siku tatu, Uyole, Igawilo, Nsalaga: mgeni mzito anatoka Dar, njoo usikie kwa masikio yako, usisubiri kusimuliwa. Sasa nyie ndio mnasimuliwa.

Muda uliotangazwa ni saa nane. Saa nane tulikuwa watu kama arobaini na mbuzi wawili. Kiwanja ni cha mpira, kina ukuta upande mmoja, na mchana jua lote linaangukia kwenye ukuta huo. Anayeijua Uyole mwezi wa Juni ameshanielewa. Watu wamejibana ukutani, makoti yamefungwa mpaka shingoni, akina mama wamejitanda vitenge juu ya sweta, tunaota jua kama mijusi. Meza kuu ilikuwa chini ya turubai la bluu, jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

Akaja kijana wa kamera. "Wazee wangu, mama zangu, naomba tuhame hapo." Tukadhani ukuta una nyufa. Kumbe tukikaa pale jua linaingia kwenye lenzi, halafu yeye anataka milima ionekane nyuma yetu. Basi tukatolewa juani, tukapelekwa upande wa upepo, tukabananishwa ili tuonekane wengi. Mzee mmoja aligoma. Alisema amekuja kusikiliza, na masikio yake yanafanya kazi hata akiwa ukutani. Wakamwacha.

Kuna mteja, narudi.

#2 Nipo Nimekaa

Nimevuta kiti. Usije ukatuandikia "itaendelea" halafu ukapotea hadi mwakani, tunawajua.

#3 Binti Kyela

Hao mbuzi wawili watakuwa wajumbe.

Ila nyie watu wa juu huko mna vituko. Kwetu Kyela mkutano ukianza watu wanagombania mwembe, nyie mnagombania jua.

#4 Kamanda wa Kata

Mleta mada, nilikuwepo. Una chuki binafsi. Kazi ya kamera ni mtu wa Mtwara naye aone mkutano wa Uyole, sasa ulitaka apige picha ya jua? Na hao arobaini uliowataja ni wa saa nane. Mbona hujasema saa kumi tulikuwa wangapi?

#5 Fundi wa Uyole

Kamanda, sikatai. Saa kumi uwanja ulifurika. Wengine walivutwa na kikundi cha ngoma kutoka Rungwe, na hata mimi kiuno hakikutulia. Bodaboda walikuja kwa sababu walitiliwa mafuta lita moja moja waongoze msafara. Wengine walikuja kwa mapenzi ya chama, nao wapo, na wengine ni kama mimi, tulitaka tu kumwona mtu tunayemuona kwenye simu ana urefu gani. Ni mfupi.

Nataka kusema kitu kuhusu yale masaa mawili ya kusubiri, maana mimi naona ndiyo yalikuwa mkutano wenyewe. Walipanda jukwaani watu wa hapa hapa. Katibu wa tawi, yule anayeuza mitumba. Kijana wa Igawilo aliyegombea serikali ya mtaa akashindwa. Hawakuwa na hotuba. Walizungumzia daraja la miti linalosombwa kila masika, na bomba linalotoa maji usiku wa manane, ukichelewa kuamka umekosa. Walimtaja mtu kwa jina lake, naye akajibu kutoka kwenye umati, wakabishana, watu wakacheka. Hakuna kamera iliyowaka. Kijana wa kamera alikuwa amekaa kwenye kreti la soda anakula chipsi.

Mgeni akafika saa kumi na dakika ishirini, msafara wa magari tisa, vumbi mpaka kwenye meno. Akapanda, akashika kipaza sauti, akajaza kifua hewa:

"Kamweneeee!"

Kimya. Na wala hatukuwa na hasira, ni kama mtu umeitwa kwa jina la kaka yako.

Huko nyuma sauti ya kike ikajibu: "Huko umeshapita, baba!"

Uwanja mzima ulicheka, hadi askari. Siku moja kabla alikuwa Njombe na Makambako, ndiko alikoiokota. Kamwene ni ya Wabena na Wahehe. Huku kwa Wanyakyusa mtu mmoja ni ugonile, wengi ni mugonile, na Wasafwa nao wana yao. Kiongozi wa kata akamnong'oneza, akarekebisha, tukaitikia. Alichukulia vizuri, hapo nampa haki yake. Alicheka na sisi.

#6 Kamwene Daima

Naandika kutoka Makambako. Sisi alitusalimia vizuri sana na tulimpigia vigelegele. Kumbe ile salamu haikufutwa kwenye karatasi, mkaikuta hapo. Mtusamehe.

Swali: na kwenu alisema habari za babu yake?

#7 Fundi wa Uyole

Alisema. Babu yake alifanya kazi ya kujenga reli ya TAZARA, akakaa Mbeya miaka mingi, kwa hiyo yeye Mbeya ni nyumbani. Tulipiga makofi sana hapo, wazee wengine walijenga reli ile kweli.

#8 Kamwene Daima

Huku babu alikuwa kwenye mashamba ya chai Mufindi, kwa hiyo nyanda za juu ni nyumbani.

#9 Nipo Nimekaa

Huyo babu amezunguka kuliko mjukuu. Subirini akifika Songea atakuwa kwenye tumbaku.

#10 Kamanda wa Kata

Mtu ana babu wawili. Wa kuumeni na wa kukeni. Acheni utoto.

#11 Binti Kyela

Kamanda hapo umejitetea vizuri, kula tano.

Mleta mada, hivi walikuwa na kibali? Maana tulisikia kulikuwa na vuta nikuvute.

#12 Wakili wa Kijiweni

Hili neno kibali linanichosha. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, kifungu cha 43, inataka anayeitisha mkutano apeleke TAARIFA ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla. Eneo, muda, kusudi la mkutano. Taarifa. Ni kweli polisi wanaweza kuzuia wakiona kuna sababu ya kiusalama, na hapo ndipo ugomvi wote wa nchi hii unapoanzia, lakini huendi kuomba kama mtoto anayeomba hela ya daftari. Sisi wananchi wenyewe ndio tumeigeuza taarifa kuwa kibali mdomoni, na neno likishazoeleka mdomoni linaanza kutawala.

Nimemaliza, endeleeni na babu.

#13 Fundi wa Uyole

Asante wakili. Taarifa yao iliandikwa mwisho saa kumi na mbili. Mgeni alianza saa kumi na nusu. Piga hesabu mwenyewe.

Hotuba ilikuwa nzuri, msidhani naponda. Anajua kupanda na kushuka, anajua pa kunyamaza. Lakini nilikuwa nimesimama upande wa kushoto, karibu na spika, na kutoka pale nilikuwa namuona kijana wa kamera na mgeni kwa pamoja. Kila alipofika kwenye sentensi nzito alikuwa haangalii watu. Anaangalia lenzi. Alisema bandari, akasema mikopo ya taifa, akasema mabasi ya mwendokasi. Mwendokasi, Uyole! Sisi tunaopanda Hiace watu ishirini na kuku. Nikaelewa kwa nini tulihamishwa juani. Sisi tulikuwa milima.

#14 Mzee wa Loleza

Kijana, nimesoma uzi wako wote. Mimi niliwahi kusimama mbele ya mgeni mkubwa kuliko huyo.

Mei Mosi 1995, uwanja wa Sokoine hapa Mbeya, alikuja Mwalimu. Urais alishauacha 1985, uenyekiti wa chama 1990, hana cheo cha kugawa wala cha kutafuta. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa Oktoba mwaka huo. Alizungumza rushwa, ukabila, udini, na mtu wa namna gani apelekwe Ikulu. Hotuba hiyo vijana mnaisikiliza kwenye simu mpaka leo, wengine hamjui hata kwamba ilitolewa Mbeya. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tatu, nimebeba mtoto mabegani, akalala.

Ila usiwadanganye wenzako kwamba zamani tulikuwa tunauliza maswali. Hatukuuliza. Tulisikiliza, tukapiga makofi, tukaenda kunywa. Wageni ninaowakumbuka walikuja kutusikiliza sisi ni Tume ya Jaji Nyalali, 1991, kuhusu chama kimoja au vingi. Nchi nzima wengi tukasema kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vingi, na 1992 sheria ikabadilishwa.

#15 Binti Kyela

Shikamoo mzee wangu. Sasa mbona kama wangewasikiliza, huo mkutano wa Jumamosi usingekuwepo?

#16 Mzee wa Loleza

Marahaba binti. Ndiyo maana sijasema nilikasirika.

#17 Fundi wa Uyole

Shikamoo mzee. Nimekaa na hiyo yako kwa muda kabla ya kuandika hii.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Saa kumi na moja na kitu, mgeni yuko juu kabisa ya hotuba, mkono hewani, jenereta likazima. Mafuta yalikwisha. (Wale bodaboda, lita moja moja. Wacha ninyamaze.) Ukasikika upepo, ukasikika mtoto anakohoa, na mgeni akabaki anachezesha mdomo kama samaki. Aligonga kipaza sauti mara mbili. Akakitazama.

Mbele kabisa alikuwepo mama mmoja wa sokoni kwetu. Jina nalihifadhi, tumwite Mama Viazi. Ni mteja wangu, kila siku analeta kiswaswadu chake kuchaji kwa shilingi mia tatu. Mwanamke mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti hata akidai chenji. Akasimama. Hakuomba ruhusa, na angemwomba nani, MC mwenyewe yuko kwenye jenereta ananyonya mpira wa mafuta.

Akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei: "Baba, karibu. Mimi natoa viazi Isyonje na Kikondo. Serikali imesema gunia ni kilo mia. Mnunuzi akija analishona na kilemba juu, zinaingia debe mbili zaidi, halafu ananilipa gunia moja. Nauliza, hizo debe mbili ni za nani?"

Wakuu, nimesikia hotuba nyingi. Sijawahi kusikia uwanja umekaa kimya namna ile. Watu wa nyuma walikuwa wanauliza amesemaje, na wa mbele wanawapelekea swali kwa mnong'ono, mstari kwa mstari, unaona kabisa linavyosafiri hadi likafika ukutani kwa yule mzee aliyegoma kuhama. Naye akapiga fimbo chini.

Mgeni alitaka kujibu. Nilimuona, alifungua mdomo, akainama mbele kabisa, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anamtazama mtu. Nadhani angejibu. Hapo jenereta likawaka, spika zikapiga mluzi, kijana wa kamera akanyoosha dole gumba, na mgeni akanyooka.

"Swali zuri sana! Mpigieni makofi mama yetu!"

Tukapiga. Na mimi nilipiga. Mikono ilipiga yenyewe. Makofi yalipoisha tulikuwa tumeshafika kwenye viwanda, kwamba viazi vya Mbeya vitakaangwa hapa hapa na kuuzwa Ulaya. Msaidizi wake akashuka, akachukua namba ya Mama Viazi, akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu.

#18 Dereva Fuso

Hapo kwenye lumbesa, hayo magunia ya kilemba, niacheni mimi, nabeba viazi Uyole hadi Dar mwaka wa kumi na moja huu.

Watu wanadhani kilemba ni ubabe wa dalali tu. Ni hesabu. Kupakia unalipia kwa gunia. Ushuru, kwa gunia. Nauli ya kwangu, kwa gunia. Kushusha, kwa gunia. Sasa wewe ukiwa mnunuzi, ukijaza viazi vya magunia kumi kwenye magunia nane, umeokoa mawili kila kituo njia nzima. Mkulima ndiye peke yake anayelipwa kwa gunia wakati yeye analima kwa debe. Sheria ya Vipimo ipo, Sura ya 340, kilo mia mwisho, na kwenye vizuizi watu hutozwa faini. Lakini mzani uko barabarani. Shambani hakuna mzani. Huko Kikondo gunia linashonwa saa kumi na moja alfajiri kwa tochi, mkulima anatetemeka baridi anataka hela ya mbolea, nani atabisha?

Na vijana wa kupakia wanaumia migongo. Gunia lenye kilemba halibebwi na mtu, linambeba mtu.

Kwa hiyo hizo debe mbili ni za nani? Tumegawana. Na mimi nimo.

#19 Kamanda wa Kata

Nimesoma jibu la Dereva mara mbili.

Mgeni hawezi kujibu kila kitu papo kwa papo, ana wataalamu wake, na hoja imechukuliwa. Hilo nalisimamia. Ila kwenye lumbesa sina chama. Baba yangu analima Umalila. Mwaka juzi aliuza magunia thelathini, nikampimia mwenyewe mfano wa gunia moja kwa mzani wa kuazima. Sitaki hata kuandika.

#20 Nipo Nimekaa

Kamanda leo amevua fulana.

Mleta mada, ilikwishaje?

#21 Fundi wa Uyole

Saa kumi na mbili kasorobo upepo ule wa jioni ulikuja kwa nguvu, mnaoishi huku mnaujua, ukanyanyua turubai la meza kuu na chupa za maji zikaruka. Mgeni akamalizia kwa salamu ya chama, wakapanda magari, wanawahi Tukuyu kulala. Vijana walikusanya viti vya kukodi na spika mbio mbio. Turubai lilikuwa limenasa kwenye mlingoti wa goli, limening'inia. Hakuna aliyelirudia.

Nilitembea na Mama Viazi hadi sokoni. Nikamwambia, mama umesema vizuri. Akasema yeye hakujua kama anasema, alidhani mkutano umeisha maana spika zilikuwa zimenyamaza.

#22 Kamwene Daima

Na wamempigia?

#23 Fundi wa Uyole

Wakuu, narudi siku ya nne.

Tangu Jumapili mama alikuwa analeta simu mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, isije ikazima. Shilingi mia sita! Nikamwambia jioni ni bure. Leo saa tano simu ikaita ikiwa kwangu kwenye chaji, namba ngeni. Nikatuma mtoto mbio, mama akaja na mikono ina udongo, akashindwa kubonyeza, nikambonyezea na kuweka sauti ya nje. Tukanyamaza wote, hadi muuza mahindi aliyekuwa analeta redio yake.

"Halo, ni mama yule wa viazi, Uyole?"

"Ndiye mimi, baba."

"Mama, samahani, tunatoka kwenye msafara. Hivi mlibahatika kuona turubai letu la bluu?"

#24 Nipo Nimekaa

Nimedondosha simu. Akajibuje?

#25 Fundi wa Uyole

Alisema hajaliona, ila wakilipata wamjulishe.

#26 Dereva Fuso

Na liko wapi?

#27 Fundi wa Uyole

Limefunika viazi. Vikipigwa na jua vinageuka kijani, hakuna anayenunua.